Mkono wa Ruth

Kila siku baada ya shule, Odilia Caal alipitia mlango wa nyuma wa nyumba ya kutunzia wazee, akatundika koti lake na kuingia jikoni. Mama yake, Eulalia, alifanya kazi humo. Alikuja Nebraska kutoka Guatemala akiwa mtu mzima, na Kiingereza kikamgomea kabisa. Odilia, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa ulimi wake. Katika mji wetu watoto wa namna hiyo ni wengi, nami huudhika kila nikiwaona wamebebeshwa maneno ya wakubwa. Odilia hakulalamika. Alijivunia, tena kupita kiasi.

Ijumaa hiyo Mama alikuwa na ombi moja: Jumapili asije kazini, kwa sababu Odilia angepokea kipaimara. Odilia alimweleza mpishi mkuu, Bi Darlene, aliyekuwa akikoroga supu.

Darlene akashusha pumzi. "Mwambie mama yako mikono yangu imefungwa."

Odilia aliyajua maneno yote, ila maana hakuipata. Badala ya kuuliza, akayafikisha kwa Mama vilevile.

"Imefungwa na nani?" Mama aling'aka. "Si mkono wake huo hapo unakoroga supu? Ananiona kipofu?"

Darlene alipoona uso wa Mama umebadilika, alijaribu kusaidia. "Basi amkunje Ruth mkono. Akimkunja kidogo tu, atakubali kushika zamu yake."

Ruth alikuwa mwosha vyombo, bibi wa watu aliyeshaota mvi. Odilia alisita. Akakunjwe mkono yule? Lakini msomi wa Kiingereza ataulizaje? Akatafsiri neno kwa neno.

Mama alivua aproni akaibwaga mezani. "Nimpige bibi kizee ili nipate ruhusa? Kumbe hapa naonekana jambazi! Mwambie naacha kazi. Leo hii!"

Odilia alifikisha na hilo pia. Darlene akawa mwekundu hadi masikioni. "Namtafutia njia, halafu ananitupia aproni? Aende zake!"

Hapo Ruth akatokea stoo na kreti la viazi. "Kelele za nini?"

"Bi Darlene anasema mikono yake imefungwa, tena anataka Mama akukunje mkono!" Odilia alifoka, machozi yakimtoka.

Ruth alilitua kreti kwa kishindo. "Darlene! Mara ngapi nimekwambia uongee na watu kwa maneno yaliyonyooka?" Akamgeukia Odilia. "Mikono yake kufungwa maana yake ruhusa haitoki kwake, inatoka kwa mkubwa wake. Na kunikunja mkono ni kunibembeleza mpaka nishindwe kukataa. Basi! Wewe ulijua?"

"Sikujua."

"Mbona hukuuliza?"

"Niliogopa mtasema sijui Kiingereza."

Odilia alimweleza Mama yote, safari hii bila kuficha. Mama alimtazama kwa hasira, akamtazama Darlene, akaichukua aproni yake.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Neno likikukwama, sema limekukwama. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja. Leo kiburi chako kingeninyima kazi, na Jumapili ungesimama kanisani bila mama. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Na huyu mwenye supu mwambie samahani. Halafu mwambie nami nadai yangu, maana hata yeye alipaswa kuona kwamba mtoto haelewi."

Odilia alitafsiri. Darlene aliinamisha kichwa. "Ni kweli," alisema. "Niwie radhi."

Mama akamwendea Ruth na kuushika mkono wake wa kulia kwa vidole viwili, kwa upole. "Muulize: nikunje?"

Ruth alicheka hadi akaegemea sinki. "Mwambie Jumapili nitakuja. Ila asiukunje kweli, una baridi yabisi!"

Odilia alifungua mdomo, kisha akaufunga.

"Bibi Ruth," aliuliza, "baridi yabisi ni nini?"