Katuni Isiyoisha

Wazazi wenzangu, nisikilizeni niwaambie ya jirani yangu fundi cherehani, ingawa na mimi lawama inanihusu.

Nyumba yao ilikuwa imetulia. Fundi anashona sebuleni, mumewe yuko kazini, na binti yao wa miaka mitatu, tuliyemwita Kibibi, anatazama katuni kwenye kompyuta. Ikiisha moja, nyingine inaanza yenyewe, hivyo fundi hana haja ya kuacha nguo ya mteja. Nilipofuata sketi yangu nilimsifu: "Una bahati, shoga. Wangu hawakai hata dakika mbili." Mdomo wangu huu!

Miezi ikapita. Siku moja fundi alimwita mwanawe mara tano, mtoto asigeuke. Akanijia mbio, analia.

"Shoga, mwanangu hasikii!"

Tulikwenda hospitali pamoja. Mpimaji wa masikio, baba mmoja mpole, alisimama nyuma ya Kibibi akanong'ona, "Nani anataka biskuti?" Kibibi akageuka papo hapo, kanyoosha mkono.

"Masikio mazima haya, mama," alisema mpimaji. "Hebu niambie, nyumbani anaongea na nani?"

"Na katuni tu," fundi alijibu, akainamisha uso. Nilimwonea huruma mno.

Tuliporudi, mumewe aliingia kwenye mipangilio ya kompyuta, akazima ile sehemu ya video kufuatana zenyewe. Kesho yake katuni ilipoisha, kioo kilitulia. Kibibi alisubiri, akapiga meza, akalia hadi sauti ikamkauka. Fundi alikuwa radhi abonyeze nyingine ianze, yaishe. Hakubonyeza. Alikaa naye sakafuni, akampakata, siku tatu mfululizo.

Siku ya nne katuni ilipoisha, Kibibi aliteremka kitini mwenyewe, akaja akashika kitambaa kilichoning'inia kwenye mashine.

"Mama, unashona nini?"

Fundi aliondoa mguu kwenye pedali. "Gauni, mama'angu."

"La nani?"

Maswali yakafululiza mpaka mchana, na gauni halikuongezewa hata uzi mmoja.

FUNZO

Kompyuta haina kosa. Huendelea kwa sababu hakuna aliyeiambia isimame. Fungueni mipangilio, muizime tabia hiyo, ili kila katuni iwe na mwisho. Katuni ikiisha, mtoto huinua macho kututafuta. Basi atukute.