Jina la Mbeke Halimo

— Mbeke, hawa wageni unawajua?

— Nawajua, baba.

— Na hizi mbuzi zao za ntheo, tuzipokee?

Mbeke alisimama katikati ya sebule, leso mabegani, macho kwa kapeti. Nje, upepo wa Kitengela ulikuwa unarusha vumbi mpaka kwa masufuria. Kwa Wakamba, ntheo ndiyo ndoa yenyewe: msichana akisema pokeeni, mbuzi zinachinjwa na hapo yeye ni mke wa mtu. Watu walikuwa wameshaanza kutabasamu.

— Bado, akasema.

Baba yake mdogo, Munguti, akashika sikio.

— Bado nini?

— Nataka kuongea na Morgan kwanza.

Immaculate, shangazi ya Morgan, aliyekuja na wageni kutoka Bungoma, aliruka kwa kiti.

— Aongee nini? Huyu mtoto wetu ni daktari wa utafiti! Anatajwa mpaka Ulaya! Mnataka nini ingine?

— Hapo kwa kutajwa ndipo kuna shida, shangazi, Mbeke akajibu, akatoka nje.

Morgan Wanjala alimfuata mpaka nyuma ya nyumba, kwa tangi la maji. Hawa wawili walipendana wakichunguza vidudu vya ndigana, ule ugonjwa ambao kupe anapatia ng'ombe. Kazi yao ni ndani kabisa ya damu, mahali macho hayafiki. Na kwa wasomi kama hawa, mtu akiandika utafiti wake lazima ataje walioandika mbele yake. Ukitajwa na wengi, unapanda cheo. Usipotajwa, ni kama hukufanya kitu.

— Jana niliingia saiba, kwa intaneti, nikasoma utafiti wako mpya wa chanjo, Mbeke akasema. Hakutulia, alikuwa anatembea huku na huku.

— Si ungeniambia! Umeuonaje?

— Umetaja watu mpaka ukurasa umejaa. Hata yule mzungu ambaye hajawahi kuona kupe. Mimi niko wapi?

Morgan akacheka kidogo.

— Mpenzi, nikikutaja watasema nabeba bibi yangu. Nilikuwa nalinda heshima yako.

— Ondiek mlilala chumba kimoja miaka yote ya chuo, na umemtaja. Yeye hana heshima?

Morgan akageukia tangi.

— Niangalie. Ungenitaja, wangetafuta nilichoandika. Niliandika nini, Morgan?

— Kwamba chanjo yangu haishiki kwa ng'ombe wa Kajiado. Lakini hiyo ni Kajiado tu!

— Kwani ng'ombe wa Nalotuesha, yule mfugaji wa huko, si ng'ombe? Yule mama alinishikia ndama mmoja mmoja nikitoa damu, jua likimchoma. Sasa watadungwa hiyo chanjo yako, alale akijua wamekingwa, halafu aamke awakute wamekufa.

— Mwezi huu wanachagua mkubwa wa idara, Mbeke. Wanaangalia nani anatajwa sana. Nilisema nikishapata kiti nitarekebisha.

— Na mimi hawaniangalii? Wewe unayenijua ukininyamazia, nani mwingine atanitaja?

Simu ya Morgan ikalia. Meseji. Akaisoma, akataka kuificha.

— Lete nione.

Ilikuwa ya shangazi: "Wacha kubembeleza. Twende na mbuzi zetu. Wasichana wamejaa."

— Basi nendeni, Mbeke akasema.

Morgan akatoka kwa geti bila kuaga mtu.

Jamani, hapo nyumbani hakukukalika. Wageni hawawezi kwenda bila Morgan, mbuzi zinalia, wali unaganda, wazee wanakohoa bila kuwa na kikohozi. Mama yake Mbeke akamvuta jikoni.

— Wewe utaolewa na karatasi?

— Mama, mtu akinificha mbele ya wenzake, kwake nyumbani atanionyesha nani?

Mama akageukia sufuria, akafunika wali.

Mbeke akapiga simu: mteja hapatikani. Akaenda getini, akarudi. Akaenda tena. Alimpenda huyo mwanaume, na hiyo ndiyo ilikuwa inamchoma.

Jua lilipoanza kuinama, Morgan akarudi, viatu vyeupe kwa vumbi. Akampita shangazi yake, akasimama mbele ya Munguti. Kabla aseme neno, simu ikalia. Akaangalia jina.

— Ni mkubwa wangu.

Akaipokea pale pale. Sebule nzima ilisikia vile mtu anafoka huko ndani ya simu.

— Ndiyo, profesa. Ni mimi nimewaandikia, wewe na wale waliochapisha... Ndiyo, nilijua haishiki... Hapana, sikusahau kumtaja. Nilimficha.

Shangazi Immaculate akashika kichwa.

— Kiti nimekosa? Nimeelewa, profesa... Hapana, hakunilazimisha. Anaitwa Celine Mbeke. Yuko hapa. Muulize yeye, ndiye anajua hiyo kazi ya Kajiado.

Akamnyooshea Mbeke simu.

Mbeke akamwangalia kwanza, akamwangalia sana. Kisha akaichukua.

— Habari ya jioni, profesa. Ndiyo, ni mimi. Wacha nianze na ndama...

Na akiwa bado anaongea, akamgeukia baba yake mdogo, akanyoosha kidole kule mbuzi zilikofungwa, akaitikia kwa kichwa.

Munguti hakungoja aambiwe tena.

— Kisu kiko wapi?

— Na mkinoe vizuri, shangazi Immaculate akasema, akijifuta macho na kona ya leso. Tuko na njaa tangu Bungoma.