Maji Chini ya Boneti

Asubuhi katika nyumba ile ilianza kwa sauti ya cherehani. Mama alikuwa fundi nguo tangu ujana wake. Macho yalipoanza kumsaliti, hakukubali kuacha kazi. Alishona kwa mazoea ya mikono. Kutunga uzi kwenye sindano alimwachia binti yake mkubwa, ambaye pale nyumbani aliitwa Dada tu.

Dada ndiye aliyebaki. Kila familia ina mtu mmoja aliyebaki. Yeye ndiye aliyepika, aliyefua, na aliyemtia mama dawa ya matone machoni asubuhi na jioni. Yeye ndiye aliyeendesha gari la marehemu baba kumpeleka mama hospitali. Gari lilikuwa kuukuu, lakini ukilitia ufunguo liliitika. Lililala uani chini ya paa la mabati, karibu na mti wa jirani uliopukutisha majani mwaka mzima kama umeajiriwa kwa kazi hiyo.

Mdogo wake, Mziwanda, aliishi mji mwingine. Alikuja mara chache, na alipokuja nyumba nzima ilijua. Alikuja na vicheko na maneno matamu. Mama alisahau miguu inayouma, akasahau pia kwamba kuna mtu mwingine anayeishi naye. "Mwanangu kaja," alisema siku nzima, huku Dada akimimina chai. Dada alikuwa amezoea. Lakini kuzoea si kuridhika, na moyoni alikuwa na donge.

Mama alikuwa na presha ya macho. Daktari aliwaeleza bila kuzunguka.

"Presha hii inaua mshipa wa jicho polepole," alisema. "Kilichokwisha kufa hakirudi. Jicho la kushoto limefika pabaya. Tulipasue mapema, kabla halijazimika."

Daktari bingwa wa upasuaji alifika hospitali ile mara chache, kutoka mbali. Mama alipangiwa siku. Waliambiwa wafike saa moja asubuhi bila kukosa. Wagonjwa wakishapangwa, haongezwi mtu.

Mziwanda aliahidi kwamba atakuja waende pamoja. Na kweli alikuja, jioni ya kuamkia siku yenyewe. Alilitazama gari, akatikisa kichwa.

"Dada, nipe ufunguo. Hii ni aibu. Utampelekaje mama hospitali na uchafu huu?"

"Unalipeleka wapi?"

"Hapo barabarani wanapoosha magari. Sichelewi."

Alirudi jua likizama. Alifungua boneti mbele ya mama kama mtu anayefunua zawadi. Injini iling'aa kweli. Vijana wa pale walikuwa wameipiga maji kwa mashine ya presha ikiwa bado ya moto, kila pembe, kisha wakaipaka dizeli kwa kitambaa ili ing'ae. Mama aliinama, akasogeza uso karibu, akacheka.

"Inang'aa mpaka mimi naiona," alisema. "Mungu akubariki, mwanangu."

Dada alifunga boneti. Alisema, "Kesho tunaondoka saa kumi na moja alfajiri."

Mziwanda akakuna kichwa. "Ah, Dada, hapo ndipo penye kazi. Bosi kanipigia simu. Kesho lazima niwe kazini. Lakini gari si nimeshaliosha? Mtakwenda kama maharusi."

Akambusu mama, akaondoka. Kitu kimoja hakukisema. Wakati wa kurudi nyumbani, gari lilikuwa likikohoa njiani.

Alfajiri ile mama alivaa nguo yake ya kutokea. Alikaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, ametulia. Dada akatia ufunguo. Injini ilizunguka, haikushika. Akajaribu tena. Ikalia, ikakohoa, ikanyamaza. Alirudia mpaka betri ikachoka na sauti ikawa nyembamba.

"Labda limeamka vibaya," mama alisema. "Lipe muda."

Muda ndio ambao hawakuwa nao. Mvua ilikuwa imeanza. Dada aligonga milango ya majirani, akapiga simu, akasimama barabarani akilowa na kupunga mkono. Gari la kukodi lilipopatikana, kulikuwa kumekucha kabisa na barabara imejaa, wakafika hospitali mchana.

Muuguzi aliwapokea mlangoni kwa upole, na upole ule ulimuumiza Dada kuliko kama angefokewa.

"Tumemwita bibi mpaka tukachoka," alisema. "Daktari yuko ndani na mgonjwa wake wa mwisho. Akimaliza, anaondoka. Poleni sana. Endeleeni na dawa mpaka atakaporudi."

Waliendelea na dawa. Dada hakukosa kumtia mama matone hata mara moja. Lakini dawa peke yake haikutosha. Asubuhi moja mama alikuwa kwenye cherehani. Alifunika jicho la kulia kwa kiganja, akakaa hivyo kwa muda, kisha akakiondoa.

"La kushoto limekwenda," alisema. "Nitungie uzi, mwanangu."

Dada alitunga uzi. Alikosea, akarudia.

Jirani yao wa ukuta mmoja alikuwa fundi umeme wa magari. Mtaa mzima ulimwita Mama Waya. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na sauti kubwa, na hakuwa na haya ya kujisifu. Alfajiri ile ya mvua hakuwa nyumbani, lakini ndiye aliyelifungua gari siku hiyohiyo baada ya wao kurudi mikono mitupu. Alichomoa plagi moja, akamwita Dada.

"Chungulia humo. Unaona nini?"

"Maji."

"Maji. Yameingia kwenye mashimo ya plagi. Umeme badala ya kuchoma petroli unapotelea kwenye maji. Jana injini ilikuwa ya moto, ikajikaza ikafika nyumbani. Usiku ikapoa, maji yakatulia ndani. Nani kalipiga presha?"

Dada alimtaja. Mama Waya akakausha mashimo yale kwa kitambaa na upepo, akachaji betri, na jioni gari likawaka mara moja. Dada aliposikia mlio ule alikaa chini ukutani akalia. Gari lilikuwa zima, na siku ilikuwa imepita.

Tangu hapo Dada alilifunga boneti kwa kamba. Akala kiapo kwamba hapana mkono wa mtu utakaoliosha tena. Mziwanda alipopiga simu, hakumficha kitu.

"Jicho la mama limezimika," alimwambia. "Umelizima wewe, kwa maji ya povu."

"Dada, mimi nilitaka kumfurahisha."

"Mimi nilitaka aone."

Akakata simu. Mama alikuwa amesikia. "Mwache mdogo wako," alisema. "Alifanya kwa mapenzi." Dada akaenda kuchukua matone ya jioni. Yeye alikuwa amefanya kwa mapenzi miaka yote hiyo, na hakuna aliyewahi kumtetea.

Sasa jicho la kulia nalo likapangiwa siku. Lilikuwa ndilo pekee lililobaki. Dada alianza kukosa usingizi.

Siku moja alikuwa akiingiza gari uani. Mama Waya akanusa hewa juu ya ukuta.

"Kuna kitu kinaungua hapo. Fungua boneti."

"Halifunguliwi."

"Limekuwa kabati la bibi harusi? Fungua."

Dada akafungua kamba. Vumbi lilikuwa limenasa kwenye ile dizeli na kuwa tope jeusi. Majani makavu yalikuwa yamejisokota karibu na bomba la moshi. Mengine yalikuwa yameanza kuungua kingo.

"Hili linaweza kuwaka moto na mama ndani," alisema Mama Waya. "Dizeli inashika vumbi, na majani ni kuni. Wewe umeogopa maji, umekaribisha moto. Kuosha hakukuwa kosa. Kosa ni namna walivyoosha, na siku waliyochagua. Gari la safari halioshwi injini jioni ya safari. Unaosha mapema, ili likiwa na tatizo ulijue ukiwa nyumbani."

"Basi nifundishe."

"Nitakufundisha. Lakini mwite na yule mdogo wako aliyelipiga presha. Asugue yeye."

Mziwanda alikuja Jumamosi, wiki moja kabla ya siku ya hospitali. Safari hii hakuja na vicheko. Dada alimpa ndoo na brashi bila salamu ndefu.

"Kwanza gusa injini," alisema Mama Waya. Alikuwa amekaa juu ya debe kama hakimu.

"Imepoa."

"Vizuri. Injini ya moto haimwagiwi maji baridi, chuma kinaweza kupasuka. Sasa ondoa ule waya mweusi wa betri, wenye alama ya kutoa. Umeme na maji havikai pamoja."

Mziwanda akaulegeza kwa spana, akauweka kando.

"Sasa funika kila kisichopenda maji. Hapo koili, juu ya plagi, zinazoipa umeme. Hiyo alteneta, inayochaji betri. Boksi la fyuzi. Na mdomo unaovuta hewa. Mifuko ya plastiki, kaza kwa mpira."

Alipomaliza, injini ilionekana kama mgonjwa aliyefungwa bandeji. Hakuna aliyecheka. Dada alikuwa akihesabu mifuko ili wajue ni mingapi ya kutoa baadaye.

Majani waliyatoa kwa mkono na vumbi kwa brashi kavu. Kisha wakakoroga sabuni ya kuoshea vyombo katika maji kidogo. Mziwanda alisugua kwa brashi ndogo, na penye upenyo mwembamba akatumia mswaki wa zamani.

"Si ningetia petroli kidogo, itoke haraka?" aliuliza.

"Itatoka haraka, na wewe utatoka nayo," alisema Mama Waya. "Petroli, mafuta ya taa, dizeli, vyote vinawaka. Sabuni haiwaki. Sugua."

Walisuuza kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, tena na tena. Hapakuwa na mpira wa maji wala presha. Chini ya gari Dada aliweka karai, ili maji yenye mafuta yasiende kwenye mfereji. Jasho lilimtoka Mziwanda, na mgongo ukamuuma. Dada aliona, na hakumhurumia.

Kisha Mziwanda akasimama ghafla. "Mama Waya, hapa pana unyevu. Nafuta, unarudi."

Mama Waya akashuka kwenye debe. Akapitisha kidole kwenye mpira wa maji unaokwenda kwenye rejeta, inayopoza injini. Ulikuwa na ufa mwembamba.

"Haya ndiyo malipo ya kuosha," alisema. "Tope lilikuwa limeficha huu ufa. Mpira huu ungepasukia njiani, injini ingechemka, na mama angekaa kando ya barabara na mkoba wake. Watu wanaosha injini ili waionyeshe. Sisi tunaosha ili tuone inapovuja."

Mziwanda alikaa chini, amejishika kichwa.

"Siku ile lilikuwa likikohoa," alisema. "Njiani, nikitoka kuliosha. Nilisikia."

Dada alimtazama. "Ukanyamaza."

"Mama alikuwa amefurahi. Sikutaka kuharibu."

Dada alitaka kumpiga kwa brashi. Badala yake alimpa kitambaa kikavu. "Kausha," alisema.

Wakakausha kila pembe. Wakaacha boneti wazi juani mpaka alasiri. Mifuko ikatolewa, ikahesabiwa, ikatimia. Vitambaa navyo vikahesabiwa, maana kitambaa kikisahaulika karibu na bomba la moshi kinawaka. Mpira mpya ukafungwa, maji ya rejeta yakajazwa, waya wa betri ukarudishwa. Gari likawaka. Kwa wiki ile nzima Dada aliliwasha kila asubuhi, akasikiliza.

Usiku wa kuamkia siku ya hospitali Mziwanda alilala nyumbani. Alfajiri gari liliitika mara ya kwanza. Njiani wote waliisikiliza injini. Walifika mlango wa hospitali ukiwa bado umefungwa, wakasubiri gizani, na Dada hakuwahi kufurahia kusubiri kama siku ile.

Upasuaji ulifanyika, na jicho la kulia likaokolewa. Mama alirudi kwenye cherehani yake. Haoni kama zamani, lakini anaona.

Gari nalo limepata utaratibu. Kila Jumamosi Dada hufungua boneti injini ikiwa imepoa. Hutoa majani, hufuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, hutazama kama kuna mahali panapovuja. Hiyo ni kazi ya muda mfupi. Kwa sababu hiyo, kusugua kwa sabuni kumekuwa kazi ya mara moja moja, na siku zote mbali na safari. Mti wa jirani bado unapukutisha. Lakini gari halipelekwi tena kuoshwa pale barabarani.

Mziwanda huja mara nyingi zaidi sasa. Akifika huanza na gari kabla ya kuingia ndani. Jumamosi moja alimaliza, akanawa mikono, akaingia chumba cha mama akiwa na hamu naye. Mama alikuwa akishona. Mziwanda alipiga magoti kando yake, upande ule aliozoea kukaa tangu utoto.

"Shikamoo, mama."

Mama alinyoosha mkono, ukaishia hewani. Hakugeuka.

"Zunguka huku, mwanangu," alisema. "Upande huo sikuoni."

Dada alikuwa mlangoni na chai. Alimwona mdogo wake akiinuka, akipita nyuma ya kiti polepole, akipiga magoti tena upande wa pili. Mama akamshika uso, akafurahi, akasema mwanangu kaja.

Tangu hapo kila akija huzunguka. Hakuna anayemkumbusha.