Vijiko Kutoka Mlimani

Mama Supu aliacha vijiko vya plastiki kwa moyo mweupe kabisa. Vilikuwa vimeziba mtaro mbele ya kibanda chake. Akanunua vya mbao. Mteja anakula, anatupa, anakwenda zake. Alijiona amefanya jambo la maana, na kila aliyeketi kunywa supu aliambiwa hivyo, atake asitake.

Kumbe furaha yenyewe haikuwa ya kudumu. Asubuhi moja mama mkwe wake, anayeishi chini ya mlima, alifika na begi la nguo na ndoo tupu. Chemchemi yao imekauka. Alizaliwa akaikuta, sasa ni tope tu. Mama Supu alimkaribisha vizuri, lakini roho ilimuuma. Mtu aliyezoea shamba lake ataishije katika chumba kimoja?

Bwana misitu alipokuja kunywa supu, Mama Supu alimweleza yote, akalilaumu jua. Yule bwana alikigeuzageuza kijiko chake.

"Dada, hiki kimetoka mlima huohuo," alisema. "Karakana ya vijiko inakata miti iliyo juu ya chemchemi. Miti husaidia mvua kuzama ardhini. Isipokuwepo, maji yanateremka na udongo, basi."

"Lakini mbao inaoza."

"Inaoza. Ila mti umekua miaka ishirini, wewe unautumia dakika kumi. Tabu si plastiki peke yake. Tabu ni kutumia mara moja na kutupa."

Mama Supu alitamani ardhi ipasuke immeze. Mkwe wake alikuwa nyuma yake anamenya viazi, na amesikia kila neno.

"Hukujua, mwanangu," mkwe alisema taratibu. "Sasa umejua."

Wiki hiyohiyo vijiko vya chuma vikaingia kibandani. Mkwe ndiye aliyeviosha kwa sabuni, kisha akavisuuza kwa maji ya moto. Wateja wengine walinuna, wakahama. Wengi walibaki, na waliobeba supu walikuja na vyombo vyao. Vibanda viwili vya jirani vikaiga.

Mvua zilipoanza, bwana misitu aliwapeleka Mama Supu na mkwe wake mlimani kupanda miche. Mkwe aliuliza chemchemi itarudi lini. Akaambiwa labda miaka kumi, labda zaidi. Alipanda mche wake, akaumwagilia kwa ile ndoo yake. Maji alikuwa ameyabeba kutoka mjini.