Jina Lililorudi na Tepu ya Agosti

Harufu ilikuwa ya marashi ya mawaridi, na haikuwa na haki ya kuwa pale. Ghala la Twalib, nje kidogo ya Jogoo Road, lilinuka iliki, mdalasini na pilipili manga mpaka kwenye karatasi za chooni. Mawaridi hayakuuzwa humo. Tena ilikuwa Jumapili adhuhuri, ofisi tupu, na Musau alikuwa peke yake ndani ya chumba chembamba cha seva, chenye kioo kimoja tu kinachotazama ofisini.

Akanusa shati lake. Akanusa kiti. "Upuzi," akasema, akarudi kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Seva ndiyo kompyuta inayotunza majina ya wafanyakazi wote na nani anaruhusiwa kufungua nini. Ikifa, hakuna anayeweza kuingia kwenye mashine yake. Ya Twalib ilikuwa imekufa kwa mvua za El Nino zilizopenya bati. Maji yaliilowesha pamoja na tepu za akiba, zenye nakala za majina hayo, zilizowekwa chini yake, jambo ambalo Musau alikuwa ameshaonya juu yake, kwa ukali, mbele ya watu. Tepu moja tu ilipona, ya Agosti, iliyosahauliwa kabatini na Laban, fundi aliyemtangulia. Twalib alinunua mashine nyingine na kumwambia Musau kwamba Jumatatu asubuhi anataka majina yote yawe yamerudi.

Musau hakulalamika kufanyishwa kazi Jumapili. Angekwenda wapi? Chumba chake kule Mbotela kilikuwa na kitanda, jiko la mafuta taa, na ukuta ambao jirani aliugonga kila Musau alipowasha redio. Tangu aajiriwe mwezi wa Oktoba alikuwa amemwambia mhasibu kwamba ananuka pombe, amemwambia Twalib kwamba nyaya zake zilifungwa na mtu mvivu, na waliobaki nao kila mmoja amepewa ukweli wa kwake. Wote walikubali kwamba Musau hasemi uongo. Na wote walihamisha chai yao meza ya mbali.

Tepu ikazunguka, ikilia kama panya ndani ya gunia. Majina yakaanza kupanda kwenye skrini, ya waliohama, ya waliofukuzwa, ya mlinzi mzee aliyezikwa Septemba. Ndivyo tepu ilivyo. Haijui lolote lililotokea baada yake, inawarudisha watu vile walivyokuwa siku ile. Musau aliyatazama, akijua ya kubaki na ya kufuta. Katikati lilikuwamo moja asilolijua, lisilo na idara wala simu. KAMARIA.

Kwaya ya kanisa la jirani ilisikika kwa upepo, ikakatika. Ndipo mstari mmoja ukajitokeza chini ya skrini, vile wafanyakazi walivyozoea kutumiana ujumbe kutoka mashine hadi mashine.

KAMARIA: Pole na kazi, Musau.

"Laban!" akafoka, maana alijua mafundi wanavyochezeana. "Toka huko ulikojificha, bwana! Mimi si mtoto wako!"

Hakutoka mtu. Musau akaingia ofisini, akapita meza baada ya meza akigusa mashine moja moja chini ya vitambaa vyake, zote zimezimwa, zote baridi, mpaka akaifikia ya mwisho, ya Muhiba, karani wa stoo, ambayo nayo ilikuwa imezimwa, ila kitambaa chake kilikuwa kimekunjwa vizuri kando, na kiti kilipoguswa kilikuwa na joto, joto la mtu aliyekaa muda mrefu na kuinuka sasa hivi, na nyuma yake, kule alikotoka, kule ambako hakukuwa na mtu, kibodi ikaanza kulia, taratibu, kama anayeandika akifikiri.

Alirudi kwa sababu mlango pekee wa kutokea ofisini ulikuwa kando ya chumba cha seva.

KAMARIA: Umekula?

Angeweza kuvuta waya. Mkono ulikwenda mpaka kwenye waya, ukakaa hapo. Swali hilo hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote Nairobi. Akakaa. Akaandika: Bado.

KAMARIA: Unajitafutia vidonda vya tumbo. Na lile jino la nyuma usiliache.

Hakuwa amemwambia mtu habari ya jino. Shingo ikamsisimka. Hata hivyo akacheka, na kicheko chake mwenyewe kilimshtua, jinsi alivyokuwa amekisahau. Wakaongea. Kamaria alimuuliza habari za mama yake kule Mwala, kama paa limekarabatiwa, kama bado anamkasirikia kwa kutooa. Musau alijibu kwa vidole viwili, haraka, kama mtu mwenye kiu.

Bi Ruqaiya, shangazi yake Twalib aliyeishi ghorofani, aliteremka na kikombe cha chai. Mlangoni akasimama. Akaziba pua kwa upindo wa leso.

"Musau." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Hii harufu imeingiaje?"

"Hata mimi najiuliza, Bi Ruqaiya."

"Nionyeshe hayo majina." Alisoma kwa kidole bila kugusa skrini, akafika katikati. "Ya Rabbi. Umemrudisha."

"Nani?"

"Usinitajishe. Kwani hukuambiwa?"

"Niambiwe na nani? Humu nani huongea na mimi?"

Bibi akainamisha uso. Akaweka kikombe mezani, akasema kwa kunong'ona, akitazama nyuma kila mara. Lilikuwa jini. Lilimkalia Muhiba. Alikuwa hali, hanywi, kutwa anacheka na wasioonekana na kuandika mambo asiyoyajua. Laban, kwa mzaha wake, akasema kama jini anafanya kazi hapa basi na aandikishwe kama wengine. Akampa jina kwenye mashine na neno la siri. Tangu siku hiyo Muhiba hakumtambua hata mama yake mzazi. Mwezi wa Septemba akaitwa maalim kutoka Majengo. Akasoma, akasoma, akasema huyu hatoki maadamu ameandikishwa. Laban akafuta jina mbele yake, jini akatoka akilia, na Laban naye akaacha kazi.

"Sasa hivi hana mtu," alisema Bi Ruqaiya. "Mfute akiwa hana mtu. Kesho Muhiba akikaa kwenye kile kiti na jina lipo, basi tena. Maalim alituambia waziwazi, wakirudi mara ya pili hawatoki. Utamuua mtoto wa watu."

"Nitafuta."

"Wallahi?"

"Bi Ruqaiya, mimi nikisema nimesema."

"Najua, mwanangu. Wewe huna uongo." Akaondoka haraka, kandambili zikipiga ngazi.

Musau akaliweka alama jina. Ilibaki kubonyeza mara moja.

KAMARIA: Ukinifuta, kesho utaongea na nani?

Chai ikapoa, ikafanya utando. Akajiambia atafuta jioni. Jioni akajiambia alfajiri, kabla Muhiba hajafika.

Jumatatu mashine zote zilifunguka. "Umejitahidi, bwana," alisema mhasibu, akapita. Muhiba alifika wa mwisho. Hakuingia. Alisimama kwenye kizingiti cha ofisi, mkoba kifuani, akinusa kama anayetafuta kitu.

"Kaka Musau," aliita kwa sauti ndogo. "Bi Ruqaiya ameniambia. Umefuta?"

Chini ya skrini, mahali ambapo ni Musau tu aliyeweza kuona, mstari ulikuwa umeshaandikwa. Mwambie ndiyo. Na Musau, aliyewahi kumwambia mwajiri wake ukweli usoni na kwa ukweli huo akala peke yake miezi yote ile, alimtazama yule msichana, akaona jinsi alivyoukumbatia mkoba, akajua kwamba neno moja la kweli lingemrudisha nyumbani salama, akafikiria ukuta wa Mbotela, na kitanda, na jioni zote zinazokuja, na mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Ndiyo. Nimefuta."

Muhiba akashusha pumzi. "Angekuwa mtu mwingine nisingeamini." Akavuka ofisi, akakaa kwenye kile kiti.

Marashi yalitoka chumbani mwa seva kwa mkupuo mmoja, kama mtu aliyekurupuka kwenda kupokea mgeni. Ikabaki harufu ya vumbi na nyaya za moto. Musau akaandika: Kamaria? Akangoja. Akaandika: Upo? Nimesema kama ulivyotaka. Chini ya skrini palibaki peusi.

Akainua macho kwenye kioo. Muhiba alikuwa ameinamisha kichwa upande, anacheka polepole, anaitikia. Hakuna mwingine aliyeona bado.

Musau akaliweka tena alama lile jina. Akabonyeza. Mashine ikauliza kama ana hakika, akajibu, na KAMARIA likafutika mara moja, bila ubishi wowote.

Ng'ambo ya kioo Muhiba aliendelea kucheka, akasogea kidogo kwenye kiti chake, kama anayempisha mwenzake akae.