Maneno ya Mzee wa Ng'ambo

Kila alasiri Chiriku, binti aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuongea, alirudi kutoka shuleni akamkuta mama yake kwenye kona ya sebule, amevaa vipokea sauti masikioni, vidole vikikimbia juu ya kompyuta. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi kilikuwa kimefungwa. Sasa mama hakushona tena mashati ya kupelekwa nje. Aliuza nje huduma. Watu wa ng'ambo walimtumia sauti zilizorekodiwa, naye akawarudishia maandishi.

Mteja wake wa siku hizo alikuwa mzee aliyehamia ng'ambo tangu ujana wake. Mzee alikuwa mgonjwa sana, akitaka kuwaachia wanawe habari za maisha yake.

Siku moja homa ilimlaza mama. "Mwanangu, hebu nimalizie kipande hiki," aliomba. "Usiposikia, rudia. Ukishindwa, niite."

Chiriku alianza vizuri. Lakini mzee alipofika kwenye habari za marehemu mkewe, alikohoa, sauti ikafifia. Nje, wenzake Chiriku walikuwa wakiruka kamba na kumwita.

"Nani atajua?" alijisemea. Akaandika: "Hatukugombana hata siku moja." Akatuma, akatoka mbio.

Siku chache baadaye, simu ya mama ikalia. Alikuwa binti wa yule mzee.

"Baba ametutoka," alisema, sauti imemkauka. "Tulisoma maneno yake mazishini, shangazi akaguna. Wazazi wangu waligombana miaka na miaka, na baba hakuwa mwongo. Hasa alisema nini?"

Mama alimgeukia Chiriku. Machozi yalikuwa yameshamlenga mtoto.

"Nilitunga, mama. Sikusikia vizuri."

Waliketi pamoja, wakasikiliza tena na tena, mpaka sauti ya mzee ikaeleweka: "Tuligombana sana. Nilichelewa kumwomba msamaha. Wanangu, ninyi msichelewe."

Chiriku mwenyewe alimsomea binti wa mzee maneno hayo, akamwomba radhi. Upande wa pili kikasikika kilio.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema binti wa mzee. "Ila kaka zangu walikuwapo pale kaburini, na hawasemezani. Haya ndiyo waliyopaswa kuyasikia. Sasa wameshatawanyika. Nitawatumia, sijui kama watasoma."

Simu ilipokatika, Chiriku alijilaza mapajani mwa mama, akalia kwa kwikwi.

"Kosa si lako peke yako," mama alisema, akimpapasa kichwa. "Nilikupa kazi yangu, nami sikuikagua. Siku hizi nchi haiuzi nje mazao na bidhaa tu, mwanangu. Inauza pia masikio yetu na akili zetu. Anayenunua yuko mbali, hawezi kutuona tukifanya kazi. Anachotegemea ni uaminifu wetu. Ukishindwa kusikia, sema hukusikia. Hiyo si aibu."