Kidole Kidogo cha Dock

Siku ya tatu baada ya kumzika Dock, fidla yake ilitikisika ukutani ikatoa mlio mkavu mchana kweupe, na hakuna aliyeigusa.

Verlin, mdogo wake, alikuwa mezani akila maharage. Akaweka kijiko chini. Sauti ile aliijua: njuga za mkia wa nyoka, yule ambaye mkia wake hulia anapoutikisa, ambazo wapiga fidla wa bonde lile la Kentucky huzitumbukiza ndani ya ala ili kufukuza panya na kusafisha sauti. Lakini njuga hulia pale tu fidla inaposhikwa.

"Dock amerudi," alinong'ona mama yao, Orlena, kutoka kitandani. Macho yake yalishapofuka, na kifua nacho kilikuwa kinakoroma. "Chukua fidla yake, mwanangu. Nipigie."

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakufika nyumba hii. Miaka thelathini Verlin alipiga humo, na kila alipomaliza mama aliuliza Dock yuko wapi. Ilimuuma. Akajifariji kwamba kilichompungukia ni chombo tu, maana Dock alirithi fidla ya babu, yeye aliagiza ya bei chee kwa katalogi.

"Hiyo yako inalia kama paka aliyebanwa mlangoni," Dock alikuwa akimtania. "Ila usiilaumu, bwana mdogo. Laumu mikono." Na aliyasema hayo huku kidole chake kidogo cha kushoto kimeliwa na mgodi wa makaa ya mawe, nyuzi akizibonyeza kwa vitatu.

Sasa Verlin alitaka jambo moja: mama amsikie yeye, hata mara moja, kabla hajakata roho.

Akaitwaa fidla ya marehemu. Upinde ulipogusa nyuzi, chumba kilijaa harufu ya makaa ya mgodini, kidole chake kidogo kikajikunja chenyewe kiganjani na kufa ganzi, na vile vitatu vikakimbia kwa njia ambazo hakuwahi kujifunza, wimbo wa Dock, madaha ya Dock, hata ile pumzi fupi aliyokuwa akiivuta Dock kabla ya kurudia kiitikio ikamtoka Verlin puani, naye anataka kuacha na mkono hautaki.

"Dock wangu," mama akalia kwa furaha.

Verlin alikimbilia kwa Bibi Arminta, mkunga aliyewapokea wote wawili walipozaliwa.

"Amekaa kwenye njuga," bibi alisema kwa sauti ya chini. "Zitoe ukazizike kaburini, miguuni pake. Umwambie kazi imekwisha."

Akafanya hivyo jioni ileile. Kisha akarudi nyumbani na kushusha fidla yake ya katalogi, ambayo hakuwahi kuitia njuga.

"Mama, ni Verlin. Nisikilize mimi."

"Haya, baba. Nakusikiliza."

Alianza kwa vidole vyote vinne. Mama akageuza uso kwake, akatulia kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Verlin akaona midomo yake inafunguka.

Ndipo harufu ya makaa ikaingia. Kidole kidogo kikajikunja. Ndani ya ule ubao wa bei chee, njuga zikalia, na fidla ikatoa sauti tamu kuliko ya babu ilivyowahi kutoa.

"Dock," mama akasema, akatabasamu, na kifua chake hakikupanda tena.

Dock alisema kweli: haikuwa fidla, ilikuwa mikono. Verlin aliendelea kupiga, machozi yakidondokea nyuzi, kwa sababu mkono ulikuwa haujamaliza.